Apakue nani? Njia tatu za kumfundisha mtoto kipimo cha chakula mezani

Wazazi wengi wakiuliza mtoto ale kiasi gani, hutarajia kupewa idadi ya vijiko. Vijiko vina nafasi yake na vitatajwa hapa chini. Lakini tabia ya mtoto mezani hujengwa zaidi na mambo mawili: nani anaamua ukubwa wa kijiko cha kwanza, na nini kinatokea mtoto anaposema ameshiba.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Mzazi anampakulia mtoto. Au mtoto anajipakulia mwenyewe kutoka bakuli la pamoja. Au familia inatumia kipimo cha macho, yaani sahani iliyogawanywa mafungu au mkono wa mtoto mwenyewe. Kila moja inaweza kulea mlaji mzuri, na kila moja ina mahali pake pa kuharibikia.

Vigezo vya kulinganisha

Zipime kwa mambo matano: umri wa mtoto na uwezo wa mikono yake, njaa na shibe, yaani kama njia inamwachia nafasi ya kusikia tumbo lake, mchanganyiko wa chakula kinachofika sahanini, muda na mabaki, na mwisho, kama mafunzo yanabaki na mtoto akiwa mbali na macho yako.

Cha pili ndicho kizito kuliko vyote. Mtoto akitimiza mwaka mmoja huwa amefikia takriban mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Baada ya hapo kasi inashuka, anaongeza kilo 2 hadi 3 tu kwa mwaka, na hamu ya kula inashuka nayo. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoanza kumkimbiza mtoto na kijiko wakidhani anasusa, kumbe mwili hauhitaji kiasi kile tena.

Kuna jaribio la mwaka 2000 la watafiti wa Marekani Barbara Rolls, Dianne Engell na Leann Birch ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Watoto wa miaka mitatu walikula karibu kiasi kilekile hata walipowekewa chakula kingi zaidi. Wa miaka mitano waliongeza kula kadiri walivyoongezewa. Ndani ya miaka hiyo miwili sahani inaanza kusikika kuliko tumbo, na njia utakayochagua itasaidia ama kulipa tumbo sauti yake au kulinyamazisha.

Msingi mmoja unashika njia zote tatu. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliugawa wajibu hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na waketi wapi, mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Njia hizi zinatofautiana katika namna ya kufikisha chakula sahanini. Mara kikishafika, uamuzi wa kumeza ni wa mtoto.

Njia ya kwanza: mzazi anapakua

*Umri na mikono.* Inafaa umri wowote, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ndiyo inayowezekana kwa urahisi. Kianzio kinachotumika sana ni kijiko kimoja cha mezani (mililita 15) cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri, mpaka miaka mitano hivi. Wa miaka miwili basi anapata vijiko viwili vya wali, viwili vya maharage na viwili vya mboga: vijiko sita, mililita 90, chini ya nusu ya kikombe cha mililita 250. Sahani itaonekana tupu mbele ya macho ya mtu mzima. Usiogope. Hicho ni kianzio, na nyongeza ipo.

*Njaa na shibe.* Hapa ndipo njia hii ina udhaifu. Mzazi hupakua kwa macho yake na kwa njaa yake. Mwaka 2003 Jennifer Fisher, Rolls na Birch walionyesha kwamba watoto wa chekechea waliowekewa maradufu ya kiasi kinachofaa umri wao walikula takriban asilimia 25 zaidi ya chakula kile, hasa kwa kung'ata matonge makubwa zaidi. Walioachiwa wajipakulie walikula kidogo kuliko walipopewa sahani iliyojazwa.

Sahani ikishajaa, neno linalofuata ni "maliza". Mtoto anajifunza kwamba mlo unaisha sahani ikiwa nyeupe, hata kama tumbo lilishasema basi zamani. Dawa yake ni kupakua pungufu na kubadili maneno. Badala ya "bado vijiko vitatu, mwanangu", sema "ukitaka nyingine, ipo". Na usiongeze kabla hajaomba; kijiko cha nyongeza kinachoingia sahanini mtoto akiangalia pembeni kinamfundisha kwamba jibu lake halihesabiwi.

*Mchanganyiko.* Hapa njia hii inaongoza. Wewe ndiye unayehakikisha kila aina imefika sahanini. Mboga zinaweza kutangulia dakika chache wakati njaa bado kali. Chakula kigeni kinaweza kuwekwa kipande kimoja cha ukubwa wa njegere, bila maneno, kando ya chakula anachokijua. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara chache tu. Kipande kidogo kinakuwezesha kuendelea bila kutupa chakula kingi.

*Muda na mabaki.* Ni ya haraka. Ila kilichobaki kwenye sahani kimeguswa na mate na hakifai kuhifadhiwa, kwa hiyo ukizoea kujaza utazoea kutupa, au utazoea kumalizia sahani za watoto.

*Mbali na macho yako.* Mtoto aliyepakuliwa siku zote hajawahi kufanya uamuzi, na siku atakapokutana na meza ya kujihudumia atayumba. Mpe maamuzi madogo mapema: "Vijiko viwili au vitatu?" Yote mawili ni majibu unayoyakubali, na yeye ndiye aliyechagua.

*Inamfaa nani.* Watoto wadogo sana, nyumba zenye haraka, na mtoto ambaye kiasi chake lazima kijulikane kwa sababu ya tiba.

Njia ya pili: mtoto anajipakulia

*Umri na mikono.* Kuanzia miaka miwili na nusu au mitatu anaweza kuchota chakula kizito kisichomwagika, kama wali, viazi vilivyopondwa au maharage mazito. Mchuzi na kumimina maji kutoka jagi dogo vinasubiri mpaka mikono itulie, kwa wengi miaka mitatu hadi minne. Vyombo ndivyo vinavyoamua kama njia itafanikiwa. Usimpe upawa wa sufuria kubwa. Mpe kijiko cha kupakulia kinachobeba mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, na hamishia chakula kwenye bakuli dogo, pana, lisiloteleza. Chakula kipoe hadi kuwa cha vuguvugu. Sufuria iliyotoka jikoni isifike mahali mkono wa mtoto unapofika.

Sahani nayo ina neno. Ya sentimita 18 inamtosha mtoto wa chekechea. Ya sentimita 27 ina eneo zaidi ya mara mbili ya hiyo, na mtoto anayejipakulia kwenye sahani ya mtu mzima huchota zaidi bila kujua. Ukiona anajaza kupita kiasi, angalia vyombo kabla ya kumsema mtoto.

*Njaa na shibe.* Ndiyo nguvu kuu ya njia hii. Mtoto anakisia njaa yake, anachota, anakula, anaona kama alikisia sawa. Mara za kwanza atakosea, tena sana: ataweka mlima wa wali na kuacha nusu. Wazazi wengi wanaiacha njia hii hapo hapo, na inasikitisha, kwa sababu mlima ule ndio somo lenyewe. Usimkaripie wala usimlazimishe aumalize. Sema tu, "Leo ulichota vijiko vinne ukashiba kwa viwili. Kesho uanze na viwili." Weka na kanuni moja ya nyumba: raundi ya kwanza ndogo, raundi ya pili huru. Kati ya raundi hizo acheni dakika chache za mazungumzo. Ishara za shibe hazifiki kichwani papo hapo; huchukua kama dakika 20, na anayekula kwa pupa huomba nyongeza kabla hazijafika.

Mtoto mdogo hajui kusema "nimeshiba kiasi". Mpe maneno: tumbo linanguruma, tumbo limetulia, tumbo limebana. Muulize kabla ya kuchota raundi ya pili, ukimuuliza kwa kutaka kujua. Akisema linanguruma, achote.

*Mchanganyiko.* Udhaifu uko hapa. Akiachwa bila mpaka, atachota wanga peke yake na kupita bakuli la mboga kama halipo. Kinachosaidia ni kuanza bakuli la mboga kuzunguka meza kabla ya mengine, na kanuni kwamba kila bakuli linalopita anachota japo kidogo sana, hata kama hatakula. Kuchota si kula. Ukivichanganya hivyo viwili umerudi kwenye kulazimisha. Chakula kilicho kichache kitajwe idadi kabla ya kuketi: "vipande viwili kila mtu". Ukisubiri mpaka wa kwanza achukue vinne, umeshachelewa na ugomvi umeanza.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, kata kila kitu kabla ya kukileta mezani. Zabibu zikatwe kwa urefu mara nne, soseji zipasuliwe kwa urefu zisikatwe mviringo, karoti zipikwe zilainike. Karanga nzima zisiwepo kabisa. Wakati wa kujipakulia macho yako yanagawanyika, na kipande cha mviringo kigumu ndicho kinachoziba koo.

*Muda na mabaki.* Panga dakika 20 hadi 30 na kitambaa cha kufutia meza. Mabaki lakini yana nafuu: chakula kilichobaki bakulini, kama kila bakuli lilikuwa na kijiko chake ambacho hakikuingia kinywani mwa mtu, kinaweza kuwekwa kwenye friji ndani ya saa mbili na kuliwa kesho.

*Mbali na macho yako.* Anaenda na uzoefu wa kuamua. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayompa hilo kwa kiwango hiki.

*Inamfaa nani.* Familia inayokaa mezani pamoja angalau mlo mmoja kwa siku, mtoto wa miaka mitatu na zaidi, na mzazi anayeweza kuona chakula kinamwagika akanyamaza.

Njia ya tatu: kipimo cha macho

*Umri na mikono.* Wa miaka minne anaweza kutambua mafungu ya sahani. Wa miaka sita anaweza kuyatumia mwenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, MyPlate, uliozinduliwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya piramidi ya chakula: nusu ya sahani mboga na matunda, nusu nyingine igawanywe kati ya nafaka na protini, na maziwa au mbadala wake kando. Mkono nao unapima hivi: ngumi moja ya wanga, kiganja kimoja bila vidole cha nyama, samaki, mayai au maharage, viganja viwili vilivyokutanishwa vya mboga. Uwe mkono wa mtoto mwenyewe, si wako. Uzuri wake ni kwamba unakua pamoja naye.

*Njaa na shibe.* Sahani inafundisha uwiano, haifundishi njaa. Mkono unafundisha kiasi, lakini haujui kama mtoto amecheza mpira mchana kutwa au amelala na homa. Ukiutumia kama sheria utamnyima mwenye njaa na kumshindilia aliyeshiba. Utumike kama kianzio, kisha tumbo liamue nyongeza.

*Mchanganyiko.* Hapa inafanya kazi vizuri mno. Mtoto anaona kwa macho kwamba nusu ya sahani haina kitu cha kijani na anaweza kuisahihisha bila kuambiwa. Ila mlo uliopikwa pamoja, wali na nyama na mboga sufuria moja, haugawanyiki. Hapo pima wali, nyama na mboga wakati wa kupika, si sahanini. Chunga pia mlima: fungu dogo kwa upana linaweza kubeba maradufu kwa kimo.

Onyo moja ni zito. Mgawanyo wa nusu sahani ya mboga usiufanye sheria kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, wala kwa mtoto mwenye uzito mdogo. Mboga zina ujazo mkubwa na nguvu kidogo. Tumbo dogo linaweza kujaa kabla ya kupata nishati na mafuta linayohitaji. Kwa umri huo tumia vijiko. Kwa wakubwa, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2023 angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa umri wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Ni kwa siku nzima, kwa hiyo mlo mmoja uliokosa mboga si janga.

*Muda na mabaki.* Hutegemea njia utakayoichanganya nayo, ya kwanza au ya pili.

*Mbali na macho yako.* Ndiyo inayosafiri kirahisi. Mtoto haachi mkono wake nyumbani, na walezi watatu tofauti wanaweza kukubaliana juu ya ngumi moja.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa shule, na nyumba yenye walezi wengi. Haimfai mtoto mwenye wasiwasi mwingi au anayeanza kuzungumzia vyakula "vibaya" na unene wake; kwake mafungu hugeuka mtihani.

Yanayoharibu njia zote

Kabla ya kulaumu njia, angalia kilichoingia tumboni saa moja kabla ya mlo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayekunywa zaidi ya mililita 700 za maziwa kwa siku hataona sababu ya kula. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri juisi isitolewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, isizidi mililita 120 kwa siku kati ya mwaka 1 na 3, na mililita 180 kati ya miaka 4 na 6. Kati ya mlo na kitafunio kingine ziwepo saa mbili na nusu hadi tatu ambamo anakunywa maji tu. Skrini izimwe. Na kitu kitamu kisiwe zawadi ya kumaliza mboga: kinamwambia mtoto kwamba mboga ni adhabu.

Uchague ipi

Kama mtoto yuko kati ya mwaka mmoja na miwili na nusu, pakua wewe, kwa vijiko, na umwachie mamlaka ya kuacha.

Kama ana miaka mitatu hadi mitano na jioni mnakula pamoja, mwache ajipakulie jioni. Asubuhi yenye haraka pakua wewe. Kuwa na njia mbili hakumchanganyi mtoto akili mradi kila mlo una njia yake.

Kama anachagua sana chakula, kujipakulia kunapunguza vita, lakini weka mezani kila mara chakula kimoja anachokikubali, na kile kigeni kiwe kipande kidogo unachokiweka wewe.

Kama anakula kwa pupa au uzito wake unakutia wasiwasi, usikimbilie kumnyima. Kumzuia chakula mbele ya wenzake huongeza hamu yake juu ya kile alichokatazwa, na wengine huanza kula kwa kificho. Tumia sahani ya sentimita 18, kijiko kidogo cha kupakulia, raundi mbili zenye pumziko, kwa familia nzima na si kwake peke yake.

Kama chakula ni cha kugawana kwa uangalifu, pakua vipande vilivyo vichache wewe mwenyewe na uache wajipakulie kile kinachotosha.

Kama ana kisukari cha aina ya kwanza, mzio wa chakula, au chati ya ukuaji inashuka, kiasi na aina vipangwe na daktari au mtaalamu wa lishe, na mzazi ndiye apakue. Muone daktari pia kama mlo unazidi nusu saa kila siku, anapaliwa mara kwa mara, au orodha ya vyakula anavyokubali inazidi kufupika.

Kama ana miaka saba na amepakuliwa maisha yake yote, usimkabidhi meza nzima siku moja. Wiki ya kwanza ajichotee mboga tu. Ya pili aongeze wanga, akipima kwa ngumi yake. Nyama au samaki vije mwisho, idadi ya vipande ikiwa imeshatajwa. Milima ya wiki ya pili ipite bila maneno mengi. Kwa kawaida hupungua yenyewe anapoamini kwamba raundi ya pili ipo kweli.